Namna ya kumchagua Mungu pale sanamu za kila siku zinapokuvuta

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo tuongee kuhusu sanamu, na najua ukisikia hivyo akili inakimbilia kwenye kinyago cha mti, moshi wa uvumba, mtu kapiga magoti, alafu unajisemea hii hainihusu mi nimeokoka. Sasa fungua waraka wa kwanza wa Yohana uende mstari wa mwisho kabisa, 5:21, anaagana na watu wake hivi, "Watoto wadogo, jilindeni nafsi zenu na sanamu." Hawa ni waamini, ametoka kuwaambia habari za uzima wa milele, na kitu cha mwisho anachowaachia mkononi ni hicho. Kwa hiyo inatuhusu, tena sana.

Sanamu ya siku hizi mara nyingi ni kitu kizuri tu, pengine Mungu mwenyewe ndo kakupa, kazi, mwenza, mtoto, elimu, akiba, afya, hata huduma kanisani. Shida inaanza pale kile kitu kinapopewa kazi ya Mungu, yaani unakitegemea kikulinde, kikupe thamani, kikuhakikishie kesho, na kikitikisika kidogo wewe unaanguka mzima mzima. Na kumchagua Mungu hakuishii siku ile uliyonyoosha mkono kanisani. Kunafanyika siku ya kawaida kabisa, saa ambayo Mungu na hicho kitu wote wawili wanataka kitu kilekile kutoka kwako, muda wako, pesa yako, ukweli wako, na hakiwezi kugawanyika. Hapo ndo tunaona nani anatumikiwa.

Kwanza itambue, na usijidanganye

Usianze kwa kujiuliza "je nampenda Mungu kuliko kila kitu?" maana jibu lake unalijua na midomo imeshalizoea. Uliza maswali ambayo hayana jibu la kanisani. Ukiamka usiku na usingizi umekata, akili inaenda wapi yenyewe bila kutumwa? Ni kitu gani ukikikosa unaona kabisa maisha hayana maana tena, sio unahuzunika, huzuni ni ya kawaida, nasema unaona bora usingekuwepo? Nani akikukosoa unashindwa kula?

Lakini swali ambalo mi naliona linachimba kuliko yote ni hili, ni kitu gani kinakufanya utende dhambi huku unajiona una sababu? Angalia vizuri hapo. Mtu haongopi hovyo hovyo, anaongopa kulinda kitu. Unadanganya kwenye ripoti kwasababu kazi isipotee, unamsema mwenzio vibaya kwasababu sifa yako isipungue, unakaa kwenye mahusiano unayojua kabisa hayampendezi Mungu kwasababu unaogopa kubaki peke yako. Kile unacholinda kwa uongo ndo kinachokutuma. Amri za Mungu zimekutana na amri za bwana mwingine na wewe umemsikiliza huyo mwingine, umemtii bila hata kusali kwake.

Chukua daftari, au sehemu ya kuandikia kwenye simu ila daftari ni bora (nitakwambia mbele kwanini simu nina wasiwasi nayo), kwa wiki moja andika tu kila ulipokasirika kupita kiasi, ulipoogopa kupita kiasi na ulipodanganya. Usiandike mahubiri, andika tukio na kitu kilichokuwa hatarini. Mwisho wa wiki pitia. Mara nyingi utakuta matukio yanaonekana tofauti tofauti ila kitu kilichokuwa hatarini ni kilekile kimoja au viwili. Alafu chukua Zaburi 139 mstari wa 23, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", uisome ukiwa na hiyo orodha mkononi, sio hewani hewani. Ezekieli 14 wazee wa Israeli walikuja wakakaa mbele ya nabii wasikilize neno la Bwana, wametulia kabisa, na Mungu akasema hawa watu wameweka sanamu zao mioyoni. Kwa nje hakuna aliyeona kitu, walikuwa wamekuja ibadani.

Ila niwaambie pia, kuna watu wenye dhamiri nyepesi wakisikia somo kama hili wanaanza kuona sanamu kila kona, mama anahangaika na mtoto mgonjwa anaanza kujihukumu kwamba mtoto ndo mungu wake. Hapana mama. Kumpenda mtoto sana sio ibada ya sanamu, na kumpeleka hospitali sio kukosa imani. Mfalme Hezekia alipougua aliomba, Mungu akajibu kwamba nitakuponya, na bado nabii Isaya akaagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake, iko 2 Wafalme 20. Dawa na maombi vilikaa chumba kimoja.

Zile zinazojificha zaidi

Pesa kila mtu anaijua kwahiyo sitakaa sana hapo, Yesu alishaitaja kwa jina, "Hamwezi kumtumikia Mungu na mali", Mathayo 6:24. Niongeze tu kwamba sio ya matajiri peke yao. Asiye nayo anaweza kuiabudu vilevile, anaamka nayo analala nayo, anaamini kabisa siku ikija matatizo yote yataisha, na imani ya namna hiyo ni ya Mungu tu. Mwenye nayo anaiogopea isiondoke, asiye nayo anaingoja kama masihi, wote wawili hapo hawajatofautiana.

Sifa za watu nayo imekuwa kubwa siku hizi kwasababu tunatembea na kipimo chake mfukoni. Unapost kitu, hata kama ni mstari wa Biblia, baada ya dakika kadhaa unarudi kuangalia laiki ngapi, komenti ngapi, nani kaona na hajasema kitu, na siku nzima moyo unapanda na kushuka kwa namba. Yohana 12 inasema wapo wakuu waliomwamini Yesu kabisa lakini hawakumkiri wazi wasije wakatengwa na sinagogi, kwasababu walipenda utukufu wa wanadamu kuliko utukufu wa Mungu. Walimwamini, hapo ndo pananishtua.

Lakini hizo bado zinaonekana. Mi nadhani sanamu ngumu kuliko zote kuivunja ni ile iliyobandikwa jina la Mungu. Rudi kwenye Kutoka 32 usome taratibu. Musa kakawia mlimani, watu wamechoka kungoja, Haruni anakusanya pete za dhahabu anatengeneza ndama, alafu anatangaza nini? "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA." Hakusema tumemwacha Mungu wa Israeli. Wakatoa sadaka za kuteketezwa na sadaka za amani, kila kitu kama ibada, ila walikuwa wanataka mungu wanayeweza kumwona na ambaye hakawii. Na Musa alipomuuliza, Haruni anajibu eti nilitupa dhahabu motoni akatoka ndama huyu! Kama vile alijitengeneza mwenyewe. Sanamu zetu nyingi ukituuliza tunajibu hivyohivyo, sijui ilianzaje, ilitokea tu.

Au yule Mika wa Waamuzi 17, alikuwa na nyumba ya miungu kwake, akampata kijana Mlawi, yaani wa kabila la Lawi lililotengwa kwa utumishi wa Mungu, akamwajiri awe kuhani wake, alafu akafurahi kwamba sasa Bwana atamtendea mema kwasababu ana Mlawi. Umeona? Tumaini lake liko kwa kuwa na Mlawi. Wapo wapendwa leo wasiposhikwa kichwa na mtumishi fulani wanaona maombi yao wenyewe hayafiki, wasipokuwa na chupa ya mafuta kwenye begi hawasafiri. Sisemi mafuta ni mabaya, Yakobo 5 inayataja wazi, nasema angalia ukiyasahau nyumbani moyo unafanyaje. Na ile nyoka ya shaba, Mungu mwenyewe ndo alimwagiza Musa aitengeneze, ikaokoa watu jangwani, lakini vizazi vikapita na wana wa Israeli wakawa wanaifukizia uvumba mpaka mfalme Hezekia akaivunja vipande vipande, 2 Wafalme 18:4. Kitu kilichotoka kwa Mungu na ushuhuda wake wa kweli! Kwahiyo karama yako, kwaya yako, huduma uliyoianzisha kwa machozi, muujiza ulioupata zamani na kila mwaka unausimulia, vyote hivyo vinaweza kufika hapo. Jipime tu hivi, wakikuondoa kwenye nafasi yako kanisani kesho asubuhi, utaendelea kuomba?

Kuvunja au kushusha

Hapa watu wengi wanakosea wakidhani dawa ni moja. Kuna vitu ni vya kuchoma moto na mjadala umeisha. Matendo 19, pale Efeso waliokuwa wakifanya uganga walipoamini walileta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu wote, hesabu ya thamani yake ikawa fedha elfu hamsini. Hawakuviuza wapate sadaka ya kujengea kanisa, walichoma. Kama kwako ni hirizi, uganga, ponografia, kamari, mahusiano ya siri, usitafute namna ya kuishi navyo kistaarabu. Futa namba, futa programu, toa nyumbani, mwambie mtu mmoja unayemwamini akusimamie, na ufanye leo kabla hujapoa.

Lakini huwezi kumchoma mtoto wako wala kuacha kazi kwasababu unaipenda sana. Hivi ni vya kushusha, vitoke kwenye kiti cha Mungu virudi kwenye nafasi yake. Ibrahimu aliambiwa amtoe mwanawe Isaka sadaka, akapanda naye mlima na akashuka naye, Isaka alibaki kuwa mtoto wake, ila kuanzia siku ile ilijulikana nani ni Mungu wa Ibrahimu. Namna ya kushusha ni kukifanyia kile kitu jambo ambalo chenyewe kingekataa. Pesa inasema nishike, wewe toa, na utoe kiasi ambacho kinakugusa, maana ukitoa ambacho hukihisi moyo haujasikia chochote. Sifa inasema onekana, wewe fanya jema moja ambalo hakuna atakayelijua milele, wala usilidokeze kwenye stetasi kwa mafumbo. Simu inasema niangalie kwanza, wewe iache chumba kingine mpaka umeshaomba, na ndo maana nilisema daftari. Mwenza akitaka uchague kumfurahisha badala ya kusema kweli, sema kweli kwa upole na ukubali hiyo jioni kuwa ngumu.

Kiasi gani? Yule kijana tajiri wa Marko 10 aliambiwa auze alivyo navyo vyote, wakati Zakayo alisema nusu ya mali yangu nawapa maskini na niliyemdhulumu nitamrudishia mara nne, na Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii, hakumdai ile nusu nyingine. Inategemea kitu kimekushika kwa nguvu gani. Usikopi kipimo cha mwenzio.

Kazi naomba niisemee pekee yake kidogo kwasababu inasifiwa hata madhabahuni. Ile mana ya Kutoka 16, chakula ambacho Mungu aliwapa Israeli jangwani, kila siku waliokota ya siku hiyo, waliobakiza mpaka asubuhi ikatoa mabuu na kunuka, ila siku ya sita waliokota mara mbili na haikuharibika, ili siku ya saba wapumzike. Wapo waliotoka siku ya saba kuitafuta wakakosa. Kupumzika kulikuwa ni imani, unalala huku kazi hazijaisha kwasababu unaamini anayekulisha sio kazi. Chagua siku, funga kompyuta, zima notifikesheni za ofisini, na ule wasiwasi utakaokuja masaa ya kwanza usiukimbie, usikilize, unakwambia nani ulikuwa unamtegemea.

Saa yenyewe ya kuchagua

Tuseme imefika. Bosi anataka usaini kitu ambacho sio kweli, au yule mtu kapiga tena, au pesa imepatikana kwa njia unayoijua. Usijaribu kufanya maombi marefu pale, Petro alipokuwa anazama alisema "Bwana, niokoe" tu. Taja kitu kwa jina lake mbele za Mungu, useme Bwana naogopa kupoteza hii kazi, na ninakuchagua wewe, nisaidie. Kama imani ni ndogo sema ni ndogo, yule baba wa Marko 9 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu" na mtoto wake akaponywa. Alafu fanya, usingoje mpaka ujisikie una nguvu, maana mara nyingi amani inakuja baada ya kusema hapana na sio kabla, na saa ingine inakawia siku kadhaa.

Na hapa kuna mtego ambao nauona sana hata kwenye shuhuda zetu. Mtu anasema nimeacha ile kazi chafu kwa ajili ya Mungu, najua atanipa nzuri mara saba. Nimemwacha yule kijana, najua Mungu ananiandalia mume. Inaweza kuwa kweli, Mungu ni mwema, lakini ukisikiliza kwa makini utagundua sanamu bado ipo pale pale ilipokuwa, kilichobadilika ni kwamba Mungu sasa kafanywa dalali wa kuileta. Ikichelewa kuja mtu anamkasirikia Mungu kwelikweli. Shadraka, Meshaki na Abednego, walipotishiwa kutupwa kwenye tanuru ya moto wasipoisujudia sanamu ya mfalme, walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, alafu wakaongeza, "Bali kama si hivyo, ujue, Ee mfalme, ya kuwa sisi hatukubali kuitumikia miungu yako." Hiyo "kama si hivyo" ndo imani yenyewe. Jaribu kuiweka kwenye maombi yako ya leo, Bwana naomba kazi, kama si hivyo bado wewe ni Mungu wangu. Ukiona mdomo unakuwa mzito kuitamka, usijilaani, umepata tu mahali pa kuombea wiki hii.

Nafasi isibaki wazi

Luka 11 Yesu anaongelea pepo aliyemtoka mtu, akarudi akakuta nyumba imefagiwa na kupambwa, akaenda kuchukua wengine saba wabaya kuliko yeye. Kwahiyo ukifuta programu ya simu iliyokuwa inakula masaa yako na usiweke kitu, baada ya wiki mbili utakuwa umehamia kwenye nyingine, ni vilevile. Moyo hautulii bila kuabudu. Weka kitu palepale na saa ileile, kama ilikuwa usiku kabla ya kulala basi usiku huohuo soma zaburi moja kwa sauti, moja tu, usijipangie sura kumi utashindwa siku ya tatu. Kama ilikuwa sifa za watu, anza kumshukuru Mungu kwa vitu ambavyo hakuna mtu aliyevisifia. Kama ni upweke ndo ulikuwa unakupeleka, usibaki na Biblia peke yako chumbani ukadhani ndo kiroho, tafuta ushirika, watu wa kula nao na kuomba nao, Mungu mara nyingi anakuja akiwa na watu. Ukianguka tena, tubu siku hiyohiyo, usijipe wiki ya kuomboleza kwanza ndo urudi, maana na huko kujiadhibu nako watu wanakuja kukiamini kuliko msalaba.

Na watu wakikasirika

Watakasirika wengine, jiandae, kwasababu sanamu yako ilikuwa na manufaa kwao. Demetrio mfua fedha wa Efeso, aliyetengeneza vihekalu vya mungu mke Artemi, hakuanza kwa kutetea dini, alianza na biashara, kwamba mafundi wanapata utajiri kwa kazi ile, na mji mzima ukajaa ghasia. Ukiacha kufanya kazi siku saba kuna anayepata hasara, ukiacha kukubali kila kitu ili upendwe kuna waliokuwa wanafaidi ukimya wako.

Gideoni aliagizwa aibomoe madhabahu ya Baali ya baba yake mwenyewe, akaogopa nyumba ya baba yake na watu wa mji, akaifanya usiku akiwa na watumishi 10. Mungu hakumkemea kwa kufanya usiku. Asubuhi watu wa mji wakataka auawe, na aliyesimama kumtetea ni Yoashi baba yake, mwenye madhabahu, akawaambia Baali kama ni mungu ajitetee mwenyewe. Kwahiyo huna haja ya kubishana na kila mtu wala kutangaza kwenye grupu la familia, fanya ulichoambiwa, ujibu kwa upole ukiulizwa, na usishangae ukitetewa na usiyemtegemea.

Ila msome Gideoni mpaka sura ya 8. Baada ya ushindi alikataa ufalme, akasema Bwana ndiye atakayetawala, maneno mazuri kabisa, na papo hapo akaomba pete za dhahabu za nyara, uzito wake shekeli 1,700, akatengeneza naivera, yaani vazi la kikuhani, akaiweka mjini kwake, Israeli wote wakaifuata na ikawa tanzi kwake na kwa nyumba yake. Mvunja madhabahu akajenga nyingine, tena kipindi ambacho mambo yake yalikuwa yamenyooka. Basi lile daftari usilitupe baada ya wiki moja. Litoe tena kila unapopata kitu ulichokuwa unakiomba, kazi mpya, ndoa, mtoto, cheo kanisani, na hasa watu wanapoanza kukusifia kwa jinsi ulivyoacha ya zamani.